Kabla ya Kuwafungia Vijana Kazi za Vyumbani, Tuwaulize Wachongaji wa Tabaka



"Mjomba, kwani ofisi ni ya nini?" Swali hili aliniuliza mpwa wangu mwezi uliopita, tumekaa barazani kwa dada yangu hapa Majengo baada ya Isha. Kijana ana shahada, ana kompyuta aliyoinunua kwa mkopo, na kazi yake aifanyia chumbani. Watu wa ng'ambo humtumia picha naye azitia alama: hili gari, huyu mtu, ile taa ya barabarani, ili mashine zifunzwe kutambua vitu. Hapandi matatu asubuhi, hapangi foleni ya feri, hana bosi wa kumnunia. Mamake naye amefurahi, maana mwana yuko mbele ya macho yake.

Usiku ule sikumjibu. Jibu langu ndilo hili, nalo litazunguka kidogo, litapitia Kisii na Nyamira kabla ya kurudi Majengo.

Tangu Rais Uhuru Kenyatta alipotangaza Machi 15, 2020 kwamba wenye uwezo wa kufanyia kazi nyumbani wafanye hivyo kwa ajili ya korona, mjadala huu haujatulia. Kampuni nyingine zimewarudisha watu ofisini kwa lazima, nyingine zimefunga ofisi kabisa zikapumua na kodi ya nyumba. Katika Seneti, Seneta Samson Cherargei wa Nandi alipeleka mswada mwaka 2022 wa kumlinda mfanyakazi asisumbuliwe na mwajiri baada ya saa za kazi. Ukiwasikiliza wanaobishana utadhani kufanyia kazi nyumbani kumeletwa na intaneti. Wako Wakenya waliofanya kazi hivyo maisha yao yote, na wazazi wao kabla yao, na hakuna aliyewauliza kitu.

Mtoto wa mama yangu mdogo ana kibanda cha vinyago mjini, si mbali na Fort Jesus. Nusu ya bidhaa zake ni mawe ya Kisii: viboko, tembo, visahani, sataranji, ile sanamu ya mama na baba waliokumbatiana ambayo kila mtalii hutaka moja. Mwaka jana, kabla ya msimu, alikwenda kujinunulia mwenyewe badala ya kungojea wachuuzi wamletee, nami nikamsindikiza. Safari ndefu, ndugu zangu. Mombasa hadi Nairobi usiku, Nairobi hadi Kisii mchana, na tuliposhuka mvua ilikuwa yanyesha na baridi yake ni ile ya kumfanya mtu wa pwani ajute. Tulipokewa na jamaa mmoja Mnubi, maana Wanubi wako Kisii mjini tangu enzi za mkoloni, tukaswali pamoja nao, tukalala. Asubuhi tukapanda matatu ya Tabaka.

Tabaka ndiko linakotoka jiwe lenyewe. Huchimbwa mlimani kwa sururu na mtaimbo, mashimo yake makubwa, na mvua zikizidi kuta huporomoka. Watu wamepoteza maisha humo. Jiwe hutoka kwa rangi nyingi, jeupe, la waridi, la kijivu, la manjano, nalo ni laini hata lachongeka kwa panga na kisu. Kutoka Tabaka wametoka wasanii wakubwa, kama Elkana Ong'esa, ambaye kazi zake zimefika makao makuu ya UNESCO huko Paris. Lakini mchongaji wa kawaida si huyo. Mchongaji wa kawaida yuko nyuma ya nyumba yake, chini ya mgomba au kibanda cha mabati, amekaa juu ya kigogo, miguu imejaa vumbi jeupe.

Niliyoyaona ni haya. Mume hununua jiwe, hulikata na kulitoa umbo. Likishatoka mikononi mwake huingia kwa mke na watoto wakubwa. Hao hulilaza katika karai la maji na kulisugua kwa msasa, kwanza ule mkwaruzo, kisha wa kati, kisha ule laini, mpaka lipate kung'aa. Kisha laanikwa, lapakwa rangi au nta, lachorwa kwa ncha ya kisu. Mama mmoja nilimuuliza amekuwa katika kazi hii kwa miaka mingapi. Akanijibu, "Mimi si kazi yangu, baba. Nasaidia tu." Vidole vyake vya shahada na gumba vilikuwa vimelika hata alama za ngozi hazionekani. Nilikadiria kwamba katika kila kiboko saa zake ni nyingi kuliko za mumewe. Lakini bei ikitajwa hutajwa na mume, na pesa hupokewa na mume, kwa hivyo yeye asaidia tu.

Basi jamaa yangu akaanza kununua. Nyumba ya kwanza viboko vya ukubwa wa ngumi waliitisha shilingi 100 kila kimoja, wakashuka hadi 70. Tukavuka shamba dogo la migomba, hata hatua mia mbili hazifiki, tukaingia nyumba ya pili. Viboko vile vile, jiwe lile lile, na mimi nisiyejua kitu naona vya hapa vimesuguliwa vizuri zaidi. Akavichukua kwa 45.

Tulipotoka nikamuuliza, kulikoni? Akacheka. "Kaka, hawa hawaambiani."

Neno hilo lilinikaa. Hawaambiani. Wala si kwa uadui, kwani wale ni majirani, wazikana na waozana. Lakini kila mmoja achonga kwake, mnunuzi amwendea mlangoni, na mnunuzi ndiye pekee aliyepita nyumba zote siku ile. Yeye ajua bei ya kila mlango. Wao kila mmoja ajua ya mlango wake. Ada ya shule ikimkaba mmoja, mnunuzi ataisoma usoni mwake na bei itashuka. Simlaumu sana jamaa yangu, naye ana kodi ya kibanda na watoto. Lakini siku ile nilimuona kwa jicho jengine, na yeye alijua.

Nilikuwa na sababu yangu ya kuumia. Mama yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alitulea kwa sindano. Alishona kofia za viua kwa mkono, zile ambazo moja humaliza miezi miwili, mitatu. Alishona baada ya Alfajiri, alishona sufuria ikiwa motoni, alishona usiku kwa taa ya kandili mpaka macho yakaharibika. Mwenye duka alikuwa akimtuma kijana kuchukua, na pesa aliyoleta ndiyo hiyo, hakuna kujadili. Nikiwa darasa la saba twaenda arusini Kibokoni, mama akakaa karibu na mwanamke mwengine mshonaji wa duka lile lile. Wakazungumza. Kumbe mwenzake kwa kofia ya kazi ile ile alipewa karibu mara mbili, kwa kuwa mumewe alikuwa akienda dukani kugombana. Mama alirudi nyumbani kimya. Alikuwa amemshonea mtu yule kwa miaka kumi na moja.

Ndiyo maana nikisikia mtu asifu kazi ya nyumbani kwamba ni uhuru, moyo wangu husita kidogo.

Sasa linganisheni na Changamwe, ambako wengi wetu twapita kila siku tukielekea uwanja wa ndege bila kugeuza shingo. Chama cha ushirika cha wachongaji wa Kikamba kiko pale tangu 1963. Wale huchonga miti, si mawe, nao pia wangeweza kuchonga kila mtu kwake. Walichagua kukaa pahali pamoja. Ukiingia utawaona kwenye vibanda vyao safu kwa safu, huyu twiga, yule simba, yule kijiko cha saladi, na katika duka la chama kila kinyago kina nambari ya aliyekichonga na bei iliyoandikwa. Mtalii akinunua, chama hukata sehemu yake na mwenyewe hupata iliyobaki. Mpingo na muhugu zilipoanza kuadimika, hao hao ndio walioanza kuchonga mwarobaini, mwembe na mjakaranda, na hilo ni jambo ambalo mtu mmoja nyuma ya nyumba yake angelichelewa kuligundua au angelifilisika kwanza. Mwanagenzi akikosea, mzee wa kibanda cha pili amuona na kumrekebisha.

Si pepo, wallahi. Chama kina lawama zake kama vyama vyote: siasa za viongozi, pesa kuchelewa, na watalii wakipungua, kama walivyopungua mwaka 2020, vinyago hukaa na vumbi kwa wote pamoja. Na Tabaka nako haifai niwapake wote rangi moja, kwa sababu viko vikundi vilivyojiunga, SMOLART kikiwa kimojawapo, vinavyouza moja kwa moja kwa wanunuzi wa biashara ya haki huko nje. Lakini kwa nyumba zile tulizozipitia sisi, neno lilikuwa ni lile la jamaa yangu.

Kurudi tulipitia Nyamira, kwa kuwa dereva aliyetubebea mawe kwao ni upande wa Kebirigo na akatukaribisha tulale. Asubuhi nikaliona jambo ambalo sikulitarajia. Mkulima wa majani ya chai wa Nyamira naye hufanya kazi nyumbani. Shamba liko mlangoni, ekari moja au hata nusu, achuma na mkewe na wanawe, yale majani mawili na chipukizi. Kwa macho ni maisha yale yale ya Tabaka. Tofauti ni kwamba ikifika saa ya kupima, hakuna mtu anayemjia mlangoni. Wote hubeba vikapu hadi kituo cha kununulia majani, hupanga foleni, mizani ni moja na kila mtu aiona ya mwenzake. Bei ya kilo kwa mwezi ni moja kwa wakulima wote wa kiwanda kile. Bonasi ya mwisho wa mwaka ikitangazwa, yatangazwa kwa kiwanda kizima, iwe ni Kebirigo, Sanganyi, Gianchore, Nyansiongo au Tombe, na ajuza asiyejua kusoma aijua kama anavyoijua mwenyekiti.

Pale kituoni nilikaa zaidi ya saa nzima nikiwasikiliza. Walikuwa wakilalamika! Na wana haki. Kila bonasi ikitoka, wakulima wa magharibi ya Bonde la Ufa, Kisii na Nyamira wakiwemo, hulipwa kidogo kuliko wenzao wa upande wa Mlima Kenya, na kila mwaka maelezo ni yale yale, ubora wa majani, gharama za kiwanda, soko. Soko lenyewe, kwa taarifa yenu, liko hapa kwetu. Majani yale huletwa kwenye mabohari ya Mombasa na kuuzwa katika mnada wa kila wiki. Mzee mmoja, aliponiona na kofia yangu na kuambiwa nimetoka Mombasa, akanishika mkono. "Shehe, tuambie basi, huko kwenu majani yetu yanauzwa bei gani?" Nikaona haya. Naishi kilomita chache kutoka mnadani na sikuwa na jibu la kumpa.

Lakini angalieni vile lalamiko lao lilivyo. Wana nambari. Wajua kiwanda hiki kililipa ngapi na kile ngapi, mwaka huu na mwaka jana. Huchagua wakurugenzi wa kiwanda na huwaondoa. Wakiandamana, huandamana wakijua wanadai nini. Na wachuuzi wanaozunguka mashambani na pesa taslimu, kununua majani mabichi mlango kwa mlango, wazee wa pale wawaogopa kuliko bonasi mbaya. Mwenye shida huuza upesi kwa bei yoyote, kiwanda hukosa majani, na kidogo kidogo mkulima atakuwa kama mchongaji.

Kwa hivyo mimi nilipanda basi la kurudi nikiwa na fikira tofauti na niliyokwenda nayo. Nilikuwa nikijua kwamba nitaandika kuisifu ofisi. Nyamira ikanivuruga. Watu wale hawana ofisi, hawana meneja anayewahesabu saa tatu asubuhi, wala hawatoki makwao ila kwa saa moja ya foleni. Saa hiyo moja yawatosha kujua bei ya mwenzao.

Turudi kwa mpwa wangu na kompyuta yake.

Kenya imewahi kuyaona yote mawili katika kazi hizi za mitandao, na kwa karibu miaka ile ile. Vijana waliokuwa wakichuja picha na video mbaya za Facebook, wameajiriwa na kampuni ya Sama, walikaa katika jengo moja Nairobi. Kazi ilikuwa mbaya, wengine iliwaharibu akili. Lakini walionana. Walikula pamoja, wakaulizana mishahara, wakajua kwamba ndoto mbaya za usiku si za mmoja. Daniel Motaung akashtaki mwaka 2022. Mwaka uliofuata zaidi ya wenzake 180 wakaenda mahakamani kwa kesi yao, na Mei 1, 2023 wachujaji zaidi ya 150 walikutana Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikaamua kwamba Meta, wenye Facebook, waweza kushtakiwa hapa hapa Kenya.

Upande wa pili, vijana waliokuwa wakifanya kazi kama ya mpwa wangu kupitia mtandao wa Remotasks, kila mmoja chumbani mwake. Machi 2024 mtandao ule uliifunga Kenya. Barua pepe ikaingia, akaunti zikafungwa, basi. Watu waliokuwa wakiitegemea kwa kodi na chakula waliamka hawana kazi. Wangemlilia nani, na pamoja na nani? Wengi hawakujua hata jirani yao wa ghorofa ya juu alikuwa akifanya kazi ile ile.

Na Bunge nalo halijalala. Mswada wa kubadilisha sheria za biashara wa 2024, uliopelekwa na kiongozi wa walio wengi katika Seneti Aaron Cheruiyot, ulipendekeza kwamba madai ya mfanyakazi wa kazi hizi za kuagizwa kutoka nje yaelekezwe kwa kampuni ya hapa, si kwa ile ya ng'ambo iliyoiagiza kazi. Husemwa kwamba hii itavutia wawekezaji. Huenda. Mimi naona mnunuzi akipewa mlango wa nyuma wa kutokea. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba mwaka 1996, nambari 177, kwamba anayefanyia kazi nyumbani ahesabiwe haki sawa na mwenzake aliye kazini. Hadi mwaka 2024 Kenya ilikuwa haijauridhia. Ungemfaa mama wa Tabaka na mpwa wangu kwa pamoja.

Najua nitajibiwa. Dada zangu khasa wataniandikia, na nawatangulia. Kazi ya nyumbani ndiyo iliyomwezesha mama yangu kutulea bila kumtegemea mtu. Wako wanawake wa hapa ambao ofisini hawatakwenda, kwa sababu ya watoto, kwa sababu ya mume, au kwa sababu wamekwenda na wakaudhiwa na mabosi wasio na adabu. Wako wenye ulemavu ambao matatu zetu hazisimami kuwachukua. Na mimi mwenyewe, stashahada yangu ilinipatia miaka tisa katika ofisi moja bandarini, na sikosi usingizi kwa kuikumbuka. Fitina za pale zingejaza gazeti. Nauli kutoka Mtwapa au Likoni kila siku ni mshahara wa siku kadhaa kwa mwezi. Sisemi kazi hii ipigwe marufuku, na anayesema hivyo hajalea.

Nisemalo ni kuhusu pesa inayotumika sasa. Serikali ina mpango wa Ajira tangu 2016, na imeahidi vituo vya kidijitali 1,450, kimoja kila wadi. Vikifunguliwa, mazungumzo yote huwa ni kuhusu kasi ya intaneti na idadi ya kompyuta. Mjumbe akata utepe, kijana afundishwa kufungua akaunti, kisha aambiwa nenda nyumbani ukajitafutie. Hapo ndipo twatengeneza Tabaka nyingine hapa Pwani. Kituo kiwe na ubao wa kuandika kazi gani yalipa ngapi wiki hii, mtandao gani umewazungusha watu, nani amefungiwa akaunti na kwa kosa gani. Kiwe na siku moja kwa wiki ambayo wote huja, hata aliye na intaneti kwake. Ukumbi wa jamii uliofungwa kufuli nao watosha kwa hilo. Wanawake wawe na siku yao na mkeka wao.

Na wale washonaji kofia, ambao wangalipo Lamu na hapa Mji wa Kale, nao waalikwe.

Mpwa wangu nilimueleza haya yote Ijumaa iliyopita tukitoka msikitini. Alinisikiliza kwa adabu, kama vijana wanavyowasikiliza wazee. Kisha akaniambia ana wenzake wawili wa mtaa wa pili kazi yao ni moja. Nikamuuliza, mwalipwa sawa? Akasema, "Hatujawahi kuulizana, mjomba." Jana usiku alinipigia simu. Walikutana kwa mmoja wao, wakafungua simu zao, wakaweka malipo ya mwezi mmoja upande kwa upande, picha zile zile za barabara zile zile. Watatu, bei tatu. Ya chini ilikuwa yake.